Diwani Aketi Kiti cha Nyuma

Wanafunzi wa udereva walimbandika mtahini wao jina la Breki, kwa sababu hakuna aliyempita kwa kubahatisha. Asubuhi hiyo zamu ilimfikia mjomba wake, diwani wa vipindi vitatu na mwenyekiti wa kamati ya barabara. Kazi hii ya utahini, yeye ndiye aliyemtafutia Breki.

Diwani aliipungia mkono foleni nzima, akafungua mlango wa nyuma wa gari na kuketi, kama alivyozoea kwenye gari la halmashauri. Breki akakaa mbele kwenye kiti cha abiria, akafunga mkanda, akasubiri.

"Haya, twende, mwanangu," diwani akasema.

"Anaendesha nani, mjomba?"

Foleni ikaangua kicheko. Diwani akahamia kwenye usukani, akalirudisha gari nyuma bila kutazama kioo, akaangusha nguzo ya plastiki.

"Umefeli, mjomba."

"Mimi? Barabara zote hizi nimezipitisha mimi!"

"Kuzipitisha hukuulizwa cheti. Kuziendeshea gari unaulizwa."

"Nikimwambia bosi wako, hapa utapaona pachungu."

"Mwambie. Naye alifeli kwangu mara mbili."

Diwani akageukia foleni. Hakuna aliyecheka tena. Wapiga kura wake walikuwa wakisubiri kuona kama undugu utafanya kazi. Akashuka, akafunga mlango taratibu, akaenda kujiandikisha upya nyuma ya muuza mitumba aliyefeli kabla yake. Tangu aingie kwenye siasa, huo ndio ulikuwa mtihani wake wa kwanza ambao cheo hakikumsaidia.