Pembe za Fahali wa Baba

Mimi nauza omena, hao dagaa wa ziwani, huko Sori, kwa hivyo usinifundishe harufu. Nimekaa na magunia yaliyonyeshewa mpaka samaki wakageuka uji. Nimekula chapati kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukichambua funza, na chapati ikashuka bila matata. Nikikuambia kitu kilinitia kinyaa, ujue si kinyaa cha mtu wa kukunja pua ovyo.

Kwa baba ni bonde la Lambwe, upande wa Homa Bay, karibu kabisa na ua wa mbuga ya wanyama. Baba haoni. Macho yalimwisha polepole, kisha kiharusi kikaja kikachukua mguu na mkono wa kushoto. Akabaki na masikio, pua, mkono wa kulia, na fahali wake.

Huyo fahali alikuwa mweusi, mwenye pembe zilizotanuka huku na huku hata mlango wa zizi ukabidi upanuliwe. Baba alimlea tangu ndama. Kila jioni kabla jua halijazama aliletwa mpaka barazani, baba anachovya vidole kwenye bakuli la samli na kumpaka pembe, kuanzia shinani hadi nchani, akimwita kwa majina ya sifa kama anavyoitwa mwanamume mbele ya ngoma. Fahali alisimama kimya akipumua. Pembe zile zilikuwa na kazi inayozingojea. Kwetu Wajaluo mwenye boma akifa, vijana huyatoa mafahali na kukimbia nayo mpaka porini kwa filimbi na vishindo, kukifukuza kifo kiende mbali na nyumba. Tunaita tero buru. Anayetangulia ni fahali mwenye pembe, maana kifo hakiogopi upara. Baba alikuwa ametuambia sote, si mara moja: "Siku yangu, huyu ndiye atakayenitangulia. Mengine pikeni mnavyotaka."

Ni hilo tu alilotuomba. Hakuomba jeneza la vioo wala hema la kukodi.

Sasa, ndugu yangu. Ni kitinda mimba wetu, ndiye aliyebaki bomani, na baada ya kiharusi ndiye aliyeshika kila kitu. Alinunua mitamba miwili ya gredi, ile ya maziwa ya kizungu, na kwa ajili ya mitamba hiyo fahali wa baba na dume moja changa wakaanza kupigana, hata mtamba mmoja akachanwa ubavu. Hapo haki yake nampa. Mtamba wa gredi akichanwa, mtu hupata uchungu. Lakini ndugu yangu ni mtu wa simu. Mtu wa simu hakosi dawa ya jambo lolote.

Nilikuwa nimekuja kumchukua baba nimpeleke kliniki Homa Bay mjini. Ndugu yangu akanivuta kando, akanionyesha video ya wanyama wa nchi za baridi, mfano wa kongoni lakini pembe zao zina matawi kama mti uliopukutika majani, wamesimama kwenye theluji. Pembe zikaanguka. Mnyama alitikisa kichwa tu, moja ikadondoka, ya pili ikafuata. Baada ya hapo yale madume, ambayo majuzi yalikuwa yakiuana, yakawa yanakula pamoja bega kwa bega. Kisha joto likarudi, na pembe mpya zikaota kubwa kuliko za kwanza.

"Umeona, dada?" akasema. "Wakikosa pembe wanaishi kama ndugu. Vita hakuna. Halafu zinaota tena."

"Hao si ng'ombe."

"Pembe ni pembe. Huko zinaanguka zenyewe kwa sababu ya baridi. Huku hakuna baridi, inabidi mtu asaidie."

Yawa! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilidhani ni mzaha wake wa kawaida. Nikampakia baba kwenye gari, tukaenda zetu.

Tuliporudi alasiri, baba aliinua pua kabla hata hajashushwa. "Nani anachoma nywele?"

"Ni kichwa cha mbuzi, baba," ndugu yangu akajibu haraka haraka. "Tunatengeneza supu."

Mimi nina macho. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikaona ukuta wa zizi umerushiwa damu mpaka juu kwenye mabati. Fahali alikuwa amefungwa kwenye nguzo, miguu inatetemeka, na juu ya kichwa chake palikuwa na matundu mawili yanayoingia ndani ya fuvu. Walikuwa wameanza na msumeno wa chuma. Ulipokatika katikati ya pembe ya pili, ndugu yangu akamalizia kwa panga. Kwa panga! Kisha wakachoma kwa chuma chekundu kuzuia damu, wale aliowaita kumsaidia wakakimbia kwenda kutapika, na hapo ndipo kazi iliishia. Dume changa halikuguswa. Lilikuwa linatafuna nyasi, pembe zake zote mbili ziko kichwani.

"Na huyu?" nikauliza.

"Huyu kesho. Nitafute msumeno mwingine."

Kesho hiyo naingoja mpaka leo.

Pembe zenyewe zilikuwa zimetupwa kwenye lundo la mavi, mbwa anaramba mashina. Nilimfukuza mbwa kwa jiwe, nikatema mate, nikatema tena, lakini ladha ile haikutoka mdomoni. Si damu iliyonishinda. Nimezaliwa bomani, damu naijua. Kilichonishinda ni uso wa ndugu yangu, ametulia kabisa kama mtu aliyenyolewa vizuri, ananiambia, "Usimwambie mzee. Mvua ndefu ikija zitakuwa zimeota, wala hatajua."

Nilikaa pale siku kadhaa kwa sababu daktari alitaka baba aangaliwe, na katika siku hizo nikaona mambo ambayo sikuyapenda kuhusu ng'ombe. Watu husema ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia zizini kusaidiwa. Huyu alivunjiwa zizini, akimbilie wapi? Majike yale yale yaliyokuwa yakimpisha njia, yaliyokuwa yakisubiri anywe kwanza ndipo yainamishe shingo, yalimjua mara moja. Lile jike kuukuu, mama wa nusu ya kundi, lilimsukuma kwa ubavu atoke kwenye chumvi, likaona hafanyi kitu, likamsukuma tena. Baada ya hapo kila mmoja alimjaribu. Akawa wa mwisho kwenye maji, anakunywa tope wenzake wakishakojolea ukingoni. Malishoni alikula pembeni na ndama. Lile dume changa likawa linampanda mgongoni mbele ya watu wote, na yeye anasimama tu, ameinamisha kichwa, nzi wamejaa kwenye yale matundu. Jirani walikuja kutazama na kucheka. Nilichukia wanaocheka na nilichukia ng'ombe, Mungu anisamehe, mpaka maziwa yao yakanishinda kunywa. Hata chai nikawa nakunywa mkandaa, bila maziwa.

Funza wakaingia. Nilimpulizia dawa mimi mwenyewe, mtandio umefungwa puani, na wakawa wanadondoka kichwani kama wali uliomwagika. Harufu ile omena haijawahi kunitolea.

Lakini cha kuchefua zaidi kilikuwa barazani. Kila jioni baba aliketi pale pale, bakuli la samli magotini, anangoja. "Mbona haletwi?" Ndugu yangu akamwambia kuna ugonjwa wa miguu na midomo, daktari wa mifugo amekataza ng'ombe kuguswa. Baba akakubali. Kesho yake akaketi tena na bakuli lake. Samli ikayeyuka juani, ikaganda na ubaridi, ikayeyuka tena. Kwato zilipopita upande wa zizi aligeuza kichwa kuzifuata. Nikaona pia kwamba sahani yake ya chakula ilikuwa ikifika baada ya kila mtu kula, ugali umepoa, samaki amebaki mkia. Nilipomuuliza mke wa ndugu yangu akasema, "Si mzee hana haraka?"

Nikasema basi. Sikulelewa hivi. Nilimwinua baba, nikauweka mkono wake begani mwangu, nikampeleka zizini hatua kwa hatua, yule mguu unaburuta. Ndugu yangu alitoka mbio na simu mkononi. "Dada! Dada, wacha mambo! Mzee ataambukizwa!"

"Ng'ombe wana ugonjwa gani wa kumpata mtu? Toka njiani."

Fahali alimsikia baba. Akasogea mwenyewe, akaleta kichwa pale anapokileta siku zote. Baba akanyoosha mkono kwenye pembe ya kulia, na mkono ukapita hewani. Akaurudisha. Ukapita tena. Ndipo akashusha vidole vikatua kwenye kidonda, kwenye gamba na usaha. Vikasimama hapo. Nilitaka kufumba macho nikashindwa.

Hakupiga kelele. Alijipangusa vidole kwenye koti na kuuliza, "Nani?"

"Ni mimi, baba," ndugu yangu akasema. "Walikuwa wanapigana. Lakini zitaota. Nimeona kabisa, kuna wanyama Ulaya..." Na akaieleza video yote, theluji na yote, mbele ya mzee asiyeona.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. "Umesema zitaota?"

"Zitaota, baba."

"Vizuri, wuoda," mwanangu, akamwambia kwa upole. "Basi mimi sitakufa mpaka ziote."

Tangu hapo ikawa sheria ya boma. Kila asubuhi, kabla ya chai, baba anamwita ndugu yangu: "Nenda ukapapase." Ndugu yangu anaenda zizini, anapapasa vigutu, anarudi anasimama mlangoni. "Bado, baba." "Haya. Kesho." Mbele ya mke wake, mbele ya watoto, mbele ya jirani aliyekuja kuazima jembe. Stori ilifika mpaka Sindo, na ndugu yangu akishuka sokoni wanamsalimu, "Omera, ndugu yetu, zimechipuka?" Mimi nilikuwa nikipiga simu kutoka Sori na kuuliza vivyo hivyo, na haki ya Mungu nilifurahi. Mvua ndefu ikaja ikapita. Vidonda vikapona, vikawa vigutu vya kijivu. Fahali akawa mzee wa kulinda ndama.

Mara ya mwisho nilipokwenda, baba alikuwa ameacha kula. Alikuwa amelala chali, midomo imekauka, mifupa imejaa shukani. Alfajiri ilipopambazuka bado aliita, kwa sauti ya kunong'ona, "Nenda ukapapase."

Ndugu yangu alikwenda. Hakukawia. Alirudi akisugua viganja kwenye suruali, akasimama mlangoni, na badala ya kumtazama baba akatazama sakafu.

"Zimeanza kuota, baba," akasema.

Kwa muda wote ule sikuwahi kuhisi kinyaa kama kile, hata siku ya panga, kwa sababu nilielewa anachomwambia na nilijua baba ameelewa pia. Mke wa ndugu yangu aliacha kukoroga uji.

"Mleteni," baba akanong'ona.

"Umechoka, baba. Utamgusa kesho."

"Mleteni."

Ndugu yangu hakusogea, kwa hivyo nilikwenda mimi. Nilimvuta fahali mpaka barazani, tukamtoa baba na godoro lake, tukamwegemeza ukutani. Akapapasa kigutu cha kulia. Akapapasa cha kushoto. Alikaa navyo muda mrefu, fahali akipumua, na ndugu yangu amesimama nyuma akivunja vidole.

"Wuoda," baba akasema, "ungeniambia tu kwamba umechoka nami."

Nilimtazama ndugu yangu nikingoja aombe msamaha, akashuka barazani akaenda kusimama nyuma ya choo.

Baba akaniomba samli. Nilileta bakuli, nikamchovyea vidole mwenyewe kwa maana havikuwa na nguvu ya kushika. Akampaka fahali kigutu, polepole, akimwita kwa majina yake yote. Kigutu kilipoisha mkono haukusimama. Uliendelea kupanda hewani, umekunjwa kama unavyokunjwa kushika kitu, mpaka pale ncha ilipokuwa ikifika.