Mikono Niliyoibariki

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, sikizeni. Mjukuu wangu msichana alipopata kazi ng'ambo, katika kiwanda cha ubia wa nchi mbili, nilimtemea mate kidogo viganjani hapa mtaani Bahati, vile sisi wazee hubariki mikono ya kazi. Juzi akanipigia simu.

"Shosho, huku tunatengeneza makombora."

"Yanaangukia nani?"

Akacheka kidogo. "Hiyo hatuambiwi, shosho. Mimi naunganisha nyaya tu."

Baraka ya mate hairudishwi, hata na aliyeitoa, na mtoto ni wangu. Jioni niliwaambia watu wa nyumba yangu: "Kabla ya kula, tutawaombea kwanza wale wanaoangukiwa. Halafu ndipo tumwombee wetu. Na asishike mtu kijiko kabla ya amina."