Kuangalia Mihogo

Nilipokuwa mtoto kule Kasongo, baba alikuwa akikata kile kitambaa kidogo kinachoshonwa kwenye kola ya kila nguo mpya, kwa sababu kiliniwasha hadi nikalia. Siku ya kuchinja kuku, mama alinituma mbali kwa makusudi, nisije nikamlilia. Na mimi kwa upande wangu, nikisikia tu jinsi alivyotua sufuria, nilijua kama amegombana na jirani. Nyumbani hakuna aliyeona ajabu. Nilikuwa hivyo, kama dada yangu alivyokuwa na miguu mikubwa.

Ndipo nikaolewa kule Wamaza.

Pikipiki ilinishusha mbele ya ua wenye watu kumi na wanane, wote wakiongea kwa pamoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekasirika. Walikuwa wanasalimiana. Haukupita mwezi, shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akarudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Lusangi na bafle, spika kubwa kama mbuzi aliyelala. Kila alasiri aliifungulia muziki hadi mabati yakatetemeka, na mimi nikatetemeka nayo. Watu wale niliwapenda, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Asubuhi niliwapenda kwa moyo wote. Ikifika alasiri nilikuwa nimejaa hadi shingoni, mtu akiniomba chumvi tu natamani kulia.

Nikajipatia dawa. Mihogo yetu hulowekwa siku tatu, nne, katika kidimbwi kilicho mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani, mpaka ilainike, halafu huanikwa na kutwangwa kuwa unga. Mihogo ikiwa majini haihitaji mlinzi. Lakini kila bafle ilipoanza nilijifunga kitenge, nikachukua kikapu, nikaaga kwamba naenda kuangalia mihogo. Aliyewahi kunusa mihogo iliyolowekwa anajua harufu yake, na pua yangu haivumilii hata sabuni. Nilivumilia. Niliketi juu ya jiwe nimeziba pua na kufungua masikio, nikasikiliza maji. Baada ya muda nilirudi nikiwa mtu tena, nikapika, nikacheka na wenzangu.

Wifi yangu, ambaye mdomo wake hauna breki, aliuliza mbele ya watu kama mihogo ya Wamaza imeota miguu hata ichungwe. Wengine walisema bibi wa Kasongo ana madaha. Shangazi mmoja akaanza kutaja pepo wa maji. Basi ili nionekane mchapakazi, siku moja nikarudi na kikapu kimejaa. Ilikuwa siku ya pili tu, na mihogo ilikuwa bado migumu. Tuliikata hivyo hivyo, tukaianika, tukaitwanga hadi viganja vikaota malengelenge, na unga ukatoka na chenga ngumu zisizosagika. Ugali wake ukapelekwa kwa baba mkwe na wageni wake. Baba mkwe aliutafuna. Kwetu ugali humezwa, hautafunwi, na wageni wote walimtazama akitafuna.

Hapo wote wakakubaliana na shangazi kwamba naumwa, na kikao kikapangwa Jumapili. Pendekezo lilikuwa moja: nirudishwe kwa mama Kasongo, niombewe na kutibiwa hadi nipone. Mume wangu alishaagizwa kutafuta mwenye pikipiki wa Jumatatu. Aliniuliza kwa upole ninaumwa wapi. Ningesemaje? Kwamba sikuchoka na mtu yeyote, ila wote wakiwa pamoja wananijaa? Niliogopa kweli. Anayerudishwa kwao kwa ugonjwa usio na jina harudi upesi, na mimi mume wangu nilikuwa nampenda.

Jumapili hiyo, saa moja kabla ya kikao, nilikimbilia kidimbwini. Juu ya jiwe langu nikamkuta mama mkwe, mwanamke mkali ambaye ua mzima ulimwogopa. Miguu yake ilikuwa majini, macho ameyafumba, na kikapu kitupu kiko pembeni. Nilitaka kurudi kinyumenyume. Akasogea, akaniachia nafasi. Nikaketi, nami nikatia miguu majini.

"Zamani haikukuwa bafle," akasema bila kufumbua macho. "Ilikuwa ngoma, na watoto saba ndani ya nyumba. Mutu anajaa."

Neno hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilijibu tu, "Anajaa, mama," na machozi yakanitoka.

Kikaoni aliwaacha wote waseme, wifi kwa kirefu zaidi. Walipomaliza, akajipangusa mikono kana kwamba anataka kupakua chakula.

"Huyu mutoto haiko mugonjwa," akasema. "Njo vile iko, toka kuzaliwa. Na miye niko vile, tangu niliolewa hapa. Kama ni bugonjwa, basi kesho pikipiki ibebe watu wawili."

Baba mkwe akamgeukia mkewe. Kwa miaka thelathini alikuwa akimsifu kwa wageni kwamba hakuna mwanamke anayeijali mihogo kama huyu. Akamuuliza, je, na ile miezi ambayo hatukuwa na mihogo majini?

"Nilikuwa naangalia maji."

Mtu mmoja akacheka, ua mzima ukafuata. Baba mkwe hakucheka. Aliinuka, akaingia ndani, na bafle, ambayo shemeji alikuwa ameiacha ikinguruma peke yake, ikazimika. Akarudi, akasimama mbele yetu sisi wawili.

"Leo musiende kule," akasema. "Bakieni hapa."

Mama mkwe akajifunika uso kwa kitenge. Mimi nililia waziwazi, kwani anayelilia kuku atashindwaje kulilia hilo?

Jumatatu mwenye pikipiki alikuja kweli, akauliza mgonjwa yuko wapi. Baba mkwe akamjibu kwamba nyumba hii haina mgonjwa, akampakiza gunia la unga ampelekee mama yangu Kasongo. Safari hii haukuwa na chenga.