Daftari la Nesi Veturia

Wanawake wa kijiji chetu, huku kwenye vilima vya mkoa wa Vaslui, walimwamini nesi Veturia kwa homa, kwa vidonda, hata kwa kuwafumba wafu macho. Kwa habari za uzazi hawakumwamini. Walikuwa na sababu.

Enzi za mtawala yule aliyetaka kila mwanamke azae watoto wengi, kutoa mimba kulikuwa kifungo, na dawa za kuizuia hazikuonekana. Daktari alikuja kwenye kiwanda cha nguo kuwapima wafumaji, na Veturia, msichana bado, alikaa mezani na daftari. Aliyekutwa na mimba aliandikwa. Mimba ikitoweka, polisi walijua pa kubisha hodi.

Miaka kumi na miwili baada ya utawala ule kuanguka, Veturia aliitwa mjini kwa mafunzo ya uzazi wa mpango, ambako manesi wangepewa dawa za kugawa bure. Alikaa karibu na mlango. Alimwuliza jirani yake ni nani aliyewahi kutoa cha bure katika nchi hii, wala hakungoja jibu. Fomu ya mahudhurio aliisoma pande zote mbili kabla ya kutia sahihi.

Siku ya tatu mkufunzi, Daktari Smaranda, aliwaketisha wawili wawili, mmoja nesi, mwingine mteja. Veturia akafungua daftari, akashika kalamu, akauliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Mwenzake, mama mnene wa mabondeni, akaacha kutabasamu na kuubana mkoba wake mapajani.

"Dada, umeniuliza kama polisi," alisema.

Darasa likacheka. Daktari Smaranda hakucheka. Alimwambia Veturia aweke kalamu chini, asalimie, aulize mteja anataka nini, kisha anyamaze. Kunyamaza huko kulimshinda hadi siku ya mwisho.

Vidonge vya kuzuia mimba alivyorudi navyo vilikaa kabatini mwa zahanati wiki sita bila mtu kuviulizia. Wiki ya saba akaja Casandra, mke wa fundi bati, mama wa watoto wanne. Uzazi wa mwisho ulimtoa damu nusura afe, na hospitali walimwonya kwamba mimba nyingine huenda ikamwua. Alibeba mayai kwenye kitambaa, maana kwetu mtu haendi kutibiwa mikono mitupu.

Veturia alimsalimu, akamwuliza anataka nini, akanyamaza. Casandra alilikazia macho daftari.

"Hilo linasomwa na nani?"

"Mjini wanataka idadi tu, mwanangu. Si majina."

"Hata mama yangu mlimwambia hivyohivyo."

Veturia angeweza kusema kwamba alikuwa mdogo, kwamba aliamriwa. Wengi husema hivyo siku hizi, na labda ni kweli.

"Mama yako nilimwandika mimi," alisema. "Akakaa ndani miezi minane."

Kijiji kizima kilijua. Hakuna aliyewahi kulitamka ndani ya chumba kile.

"Na leo unataka nikuamini."

"Usiniamini. Ila usife."

Casandra aliweka mayai mezani. Kisha akakunja mkono wa blauzi, akapimwa presha. Veturia alimwuliza kama huumwa kichwa sana, kama anavuta sigara, akamweleza njia zote zilizokuwapo na kasoro za kila moja. Casandra alikataa sindano, akakataa kitanzi cha kuwekwa kizazini. Akachagua vidonge, kwa kuwa hivyo angeweza kuviacha siku yoyote bila kumwomba mtu ruhusa. Mayai Veturia aliyapokea. Kuyakataa kungeongeza shaka.

Hakuandika kitu, wala jina wala idadi. Mjini wangeuliza pakiti tatu zimekwenda wapi.

Casandra alipofika getini aligeuka, akalitazama dirisha la zahanati. Veturia alijua anachokitafuta: kama kalamu ilikuwa mkononi. Alisogea dirishani, akabandika viganja vyote viwili kwenye kioo, vitupu, na hakuvitoa hapo hadi mwanamke yule alipopotea nyuma ya kanisa.