Shingo ya Mwaloni

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama hakungoja kupewa. Siku ya tatu tangu atue kutoka Lodwar, alikuwa mbele ya nyumba yangu huku Blaine, ughaibuni, akichimba shimo la mti.

Mwaloni niliuchagua mimi, kwa kuwa muuza miche alisema unavumilia ukame, na mtaa wetu mpya ni mchanga mtupu. Mama aliukubali, ila akataka shimo la kufika gotini. Lodwar mti hupandwa chini kabisa ili kila tone liuteremkie, na mwarobaini wake ndio uliokuwa kivuli pekee mtaani kwetu. Muuza miche alikuwa amenionya nisifukie shina. Nikanyamaza. Nani ambishie mama yangu kuhusu jangwa? Akaupanda, akauombea, akasema, "Nikienda, huu utakaa na wewe."

Kisha mvua ikagoma. Tulimwagilia kila asubuhi, na bado majani yakageuka manjano. Mama akaongeza maji. Akaanza kuamka mapema kwenda kuuangalia, chai yake ikipoa mezani. Nilijua kinachomla: kazi ya mikono yake ilikuwa inakufa mlangoni kwangu, na zilibaki wiki mbili arudi nyumbani. Nikampelekea muuza miche picha. Akasema shingo, pale shina linapopanuka kuwa mizizi, imefukiwa na inaanza kuoza. Niuinue haraka au niusahau.

Jumamosi akina mama wa kanisa wakaja kumchukua. Gari lao halijakata kona, mimi tayari nilikuwa na sepetu, nachimba kama mwizi. Gome chini ya udongo lilikuwa jeusi, laini. Ndipo nikasikia mlango wa gari. Mama alikuwa amesahau Biblia.

Akasimama juu yangu. Nilikuwa mtu mzima, nesi wa miaka mingi, na niliogopa kuliko siku ya matokeo ya darasa la nane.

"Mama, tuliupanda chini mno," nikasema. "Niliambiwa mapema. Niliogopa kukuambia."

Nilitamani anichape. Kisha akapiga magoti mchangani na gauni lake la kanisa, akaipapasa ile sehemu nyeusi kwa kidole.

"Uliniogopa mimi, na mti ndio ukaumia," akasema. "Shika huko. Inua polepole."

Tukaupandisha, tukaacha shingo wazi. Mama akaondoka kabla haujaonyesha dalili yoyote, na theluji ikaukuta umebaki fimbo. Majira yote ya baridi hakuuliza habari zake, nami sikuthubutu kuzitaja.

Mwezi wa tano ukatoa machipukizi matatu. Nikapiga picha, nikamtumia. Simu ikalia papo hapo. Nilidhani atamshukuru Mungu.

"Shingo inaonekana?"

"Inaonekana, Mama."

"Na siku nyingine uniambie."