Mkono Ulioharibiwa na Ndege

Watu wakiniuliza kwa nini niliacha gitaa, huwa nasema vidole vilichoka. Ni uongo. Gitaa ndilo lililoniacha mimi, na waliotuachanisha ni ndege.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi. Pale Ifakara tulikuwa watatu: mmoja wa ngoma, mmoja wa kugonga chupa kwa msumari, na mimi wa gitaa. Hatukuwa na mwalimu wala mfadhili. Nyuzi zikikatika tulifumua waya wa breki ya baiskeli. Jumapili baada ya misa tulipiga uani kwa mama mmoja muuza pombe, na watu walicheza mpaka vumbi likawafika magotini. Kwa saa zile mbili sikuwa mtoto wa mtu. Nilikuwa mpiga gitaa.

Halafu mpunga ukaanza kutoa masuke. Kaka yangu alikuwa kwenye mashamba ya mkonge, kwa hiyo baba akanitazama mimi.

"Mwanangu, ndege hawana Jumapili."

Tukaondoka kwa mtumbwi kwenda shambani, bondeni upande wa Michenga. Mpiga ngoma, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, alikuwa amenikabidhi gitaa la kundi ndani ya gunia. "Fanya mazoezi, ndugu yangu. Bila wewe hatupigi. Mavuno yakiisha tunakusubiri."

Dungu letu lilikuwa jukwaa la miti lenye paa la nyasi, katikati ya mpunga na maji. Kamba zilitoka pale kwenda pande zote za shamba, kila moja na madebe yenye mawe. Ndege wakitua, unavuta. Baba alichukua mtumbwi kwenda kuvua, akawa anarudi kila baada ya siku tatu nne na unga na kambale. Mtumbwi ulikuwa huo mmoja. Kutembea haikuwezekana: maji kifuani, na viboko nao wana njia zao. Nilikuwa mfungwa, basi. Tena mfungwa wa gerezani ana nafuu, ana wenzake wa kuwasengenya askari.

Nilifunga kamba mbili miguuni, nikawa napiga gitaa huku navuta madebe. Nilijiona mwerevu kweli. Siku ya nne ndege aina ya kwelea walikuwa wanakula chini ya madebe yanayolia, hawana habari. Baba aliporudi alisikiliza kidogo, akakunja uso.

"Unavuta kwa mpango. Ndege akishajua lini utavuta, hakuogopi tena. Mvizie."

Nikajifunza kuvizia. Nilivuta mara mbili, nikanyamaza, nikavuta tena kabla sijashusha pumzi. Gitaa likafuata miguu. Kila mdundo uliponyooka niliuvunja haraka, kwani kunyooka maana yake mpunga unaliwa. Wiki zilivyopita nikaanza kuupenda muziki ule. Niliamini nimepata kitu ambacho hakuna mpiga gitaa mwingine bondeni anacho. Nani angenibishia? Nilikuwa peke yangu.

Tulivuna vizuri. Jumapili ya kwanza mjini uani kulijaa watu. Nikapiga. Wachezaji wakainua mguu, nami nikanyamaza; wakaushusha, nami nikapiga. Mzee mmoja akamkanyaga mkewe. Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, wakasimama tu na vibuyu mkononi.

"Piga kama zamani," mpiga ngoma akaninong'oneza.

Nilijaribu, naapa. Nilihesabu kwa mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikifika pigo la nne mkono ulikimbia wenyewe. Alinivumilia Jumapili tatu. Ya nne nilikuta gitaa liko kwa kijana mwingine, anapiga moja kwa moja bila kuyumba, na watu wanacheza. Mpiga ngoma hakunitazama. Sikumlaumu, ila niliumia kuliko nilivyowahi kuumia.

Nyumbani nilimweleza baba.

"Pole, mwanangu," akasema, na alimaanisha. Akanisogezea kigoda. Kisha uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Basi mwakani sina wasiwasi nani atakaa dunguni."

Mwaka uliofuata nilipanda mtumbwi bila gunia la gitaa.