Aliyewahamisha Wageni wa Kiwanja cha Saba

Saa moja asubuhi, umande ukiwa bado kwenye nyasi, mwanamke wa miaka hamsini na minne amepiga magoti kwenye kiwanja cha arobaini na moja, spana mkononi, anafungua bomba la maji. Nati imeshika kutu. Anaigonga kwa nyundo mara mbili, anaegemea spana kwa uzito wake wote, na nati inapokubali kuzunguka anavuta pumzi.

"Haya, na wewe nenda," analiambia bomba, kisha analitia kwenye toroli pamoja na mengine.

Kambi hii ya likizo ilikuwa na viwanja hamsini na nane, vimepangwa kwa safu juu ya mwamba unaotazama bahari. Wageni walikuja kupunga upepo, wengine na mahema, wengine wakikokota karavani, zile nyumba ndogo za magurudumu zinazofungwa nyuma ya gari. Walikaa wiki moja au mbili, wakaondoka wamebabuliwa na jua na roho zao zimetulia.

Sasa kambi imefungwa. Mfanyakazi aliyebaki ni huyu mmoja, na kazi aliyopewa ni kuibomoa. Mwisho wa mwezi maji yatakatwa na lango litafungwa kwa mnyororo.

Kwa miaka ishirini na mitatu kila mtu hapa amemwita Bi Vigingi. Aliajiriwa kufagia, lakini haukupita muda akaonekana hakuna anayemshinda kupigilia kigingi cha hema kwenye udongo mgumu. Wageni wakaanza kumwita kabla hata hawajashusha mizigo.

"Ukitaka kujua ndoa ya watu ikoje, wape hema walisimamishe kukiwa na upepo," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Nimesuluhisha wengi kwa nyundo hii. Nawaambia, baba shika kamba, mama keti unywe chai, mimi nipige. Dakika kumi, amani imerudi."

Yeye mwenyewe hajawahi kulala ndani ya hema hata siku moja. Mshahara wake wa mwezi ulikaribiana na kile ambacho familia moja ililipa kwa wiki. Hakulalamika sana, maana kambi ilimpa pia mahali pa kukaa: karavani kuukuu iliyotelekezwa na wageni, ikawekwa kwenye safu ya nyuma. Humo ndimo anamoishi na mumewe, fundi rangi ambaye kwa miaka mingi alipaka kila mlango na kila uzio wa kambi, mpaka kiharusi kilipomwangusha miaka minne iliyopita na kumwacha na upande mmoja wa mwili.

Nyumba yao ina magurudumu lakini haiendi popote. Mwaka jana walijaribu kuivuta kwa trekta, wakatoka na ndoano mkononi. Chuma chote cha chini kimeliwa na chumvi.

*

Yaliyompata Bi Vigingi yalianza Alhamisi moja mchana, msimu uliopita, kambi ikiwa imejaa pomoni. Alikuwa anakusanya nyasi zilizofyekwa kwenye safu ya mbele, ile inayopendwa kuliko zote, reki yake ikazama mahali palipopaswa kuwa pagumu.

Aliinama akatazama. Ulikuwa ufa wa kuingia kidole. Ulipita nyuma ya viwanja vitatu, cha sita, cha saba na cha nane, ukivitenga na kambi nzima kama kisu kinavyotenga kipande cha mkate.

"Nilikwenda kwa meneja palepale. Nikamwambia, bosi, ardhi imepasuka. Akasema ni jua, udongo ukikauka hupasuka. Nikamuuliza, jua gani linalopiga mstari? Akasema mhandisi atakuja Jumatano, wiki ya likizo ikiisha."

Ijumaa jioni alipigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, akavifunga pamoja kwa uzi mwembamba uliokazwa barabara. Jumamosi alipoamka na kwenda kutazama, uzi ulikuwa umekatika.

Hakurudi kwa meneja. Alikwenda moja kwa moja kwa wageni. Familia za kiwanja cha sita na cha nane zilinung'unika lakini zikahama, na hazikurudi. Kwenye kiwanja cha saba alimkuta baba wa watoto watatu akigeuza mayai kwenye jiko la gesi.

"Mama, mimi nimelipia kiwanja hiki tangu miezi sita iliyopita," baba yule alimwambia. "Nimekuja kutazama bahari, sikuja kutazama ukuta wa vyoo."

"Bahari haihami, baba. Hata kule juu utaiona."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Basi subiri utumwe."

Bi Vigingi anasema alisimama pale akiwatazama watoto. Mdogo kabisa alikuwa amekaa ukingoni, miguu yake ikining'inia upande wa bahari, anakula mkate. Ndipo alipoinama na kuanza kuling'oa hema la watu, kigingi kimoja baada ya kingine.

"Baba alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mkewe alikuwa anatoa nguo za watoto kabla hema halijawaangukia. Hilo ndilo kosa langu, na silikatai. Niling'oa hema la mgeni aliyelipa."

Haikupita nusu saa akaitwa ofisini. Alipewa barua yenye mhuri: onyo la mwisho, kwa kuwasumbua wageni na kuwaharibia mapumziko. Aliondolewa viwanjani akapelekwa kuosha vyoo. Familia ya kiwanja cha saba ilitaka kurudi mahali pake, lakini hema lilikuwa limechanika, nao wakapewa karavani ya kambi bila malipo, huko juu, ili wasiende kulalamika kwingine.

Mdogo wake wa kuzaliwa naye alikuwa mfuaji wa mashuka hapohapo kambini. Jioni ile alimfuata na ndoo mkononi.

"Dada, omba radhi yaishe. Kambi hii inatulisha sote."

"Niombe radhi kwa lipi?"

"Kwa lolote. Wewe sema tu pole."

Hakuomba radhi.

Jumatatu, saa nane na dakika ishirini mchana, alikuwa anasugua sinki aliposikia mlio kama lori linalomwaga kokoto, ila lori lenyewe halikumaliza kumwaga. Alipotoka nje, safu ya mbele ilikuwa na pengo. Viwanja vitatu, uzio, benchi la mbao na meza ya kukunja iliyosahaulika na familia ya kiwanja cha saba, vyote vilikuwa chini ufukweni, mita arobaini, na vumbi jekundu lilikuwa likipanda.

Watu walikimbilia ukingoni kutazama. Yeye alikimbilia juu, kwenye karavani ya wageni wale, kuhesabu watoto. Aliwakuta wote watatu wakigombania mpira.

"Nikakaa chini kwenye nyasi. Yule mama alikuja akanishika mkono. Akalia. Mumewe alipita na mizigo, hakunitazama."

Siku tatu baadaye, mumewe huyo alihojiwa na waandishi wa habari. Alieleza jinsi alivyouona ufa kwa macho yake na kuihamisha familia yake kwa wakati. Jicho la mzazi halilali, alisema.

*

Mtu angedhani hapo ndipo heshima ya Bi Vigingi ingerudi. Haikurudi.

Picha za pengo zilisambaa, na kabla ya wiki kwisha wageni waliofanya mipango ya kuja walikuwa wameivunja. Wakaguzi wakaifunga safu ya mbele, kisha ya pili, kisha kambi yote. Wafanyakazi kumi na wanne walirudishwa nyumbani. Dukani, walipokuwa wakikutana zamani kunywa soda, maneno yakaanza kuzunguka kwamba aliyeuona ufa ndiye aliyeuita. Wengine walisema kwa mzaha. Wengine hawakuwa na mzaha.

Alitafuta kazi kwenye kambi nyingine, bara, kwenye vilima vilivyo kando ya ziwa. Msimamizi wa huko, mwanamke wa umri wake, alimpenda alipoona anavyopigilia kigingi. Kisha ikaja barua ya sifa kutoka kwa mwajiri wa zamani, na ndani yake mstari mmoja: amewahi kupewa onyo la mwisho kwa kuwasumbua wageni.

"Aliniambia, dada yangu, kwetu mgeni ni mfalme. Nikamwambia, hata mfalme akikaa pabovu ataanguka. Akatabasamu, akanirudishia karatasi zangu."

Alimwendea meneja, akamwomba lile onyo lifutwe. Meneja hakuwa mkali. Alimweleza kwa upole kwamba onyo lilitolewa Jumamosi, na siku ya Jumamosi ardhi ilikuwa bado ipo. Mtu huhukumiwa kwa siku aliyotenda, alisema, hahukumiwi kwa yaliyotokea Jumatatu.

"Nimelifikiria neno hilo miezi saba," anasema Bi Vigingi.

Mdogo wake anaishi mjini, kwenye vyumba viwili nyuma ya gereji, na watoto wanne. Tangu kambi ifungwe hafui tena mashuka. Anafua nguo za watu nyumba kwa nyumba, siku zinapopatikana. Hajakanyaga kambini wala hajamwita dada yake kwake.

"Watu wanadhani namchukia dada," anamwambia mwandishi wa makala haya, mikono yake ikiwa ndani ya beseni, haitoki. "Simchukii. Najua alifanya jambo la maana. Hiyo ndiyo inayoniuma. Angekuwa amekosea, ningeshamsamehe zamani."

Anakamua shati, analitundika, anarudi kwenye beseni.

"Ukienda, mwambie nafasi ya mtu mmoja ipo, sakafuni kwa watoto. Ya wawili sina. Yule shemeji anahitaji kubebwa, na mimi mgongo wangu nautumia kufua."

*

Saa sita mchana Bi Vigingi anaacha toroli na kwenda kumlisha mumewe. Ndani ya karavani mna kitanda kimoja, meza inayokunjwa ukutani, jiko la plate mbili na mkebe wa rangi uliogeuzwa kuwa kiti. Mgonjwa amelala akitazama dirishani. Zamani alikuwa anaona mahema ya watu. Sasa anaona nyasi, na mbele yake, maji.

Kila asubuhi mkewe hupima kwa hatua kutoka mlangoni hadi ukingoni. Wiki hii ni hatua hamsini na moja. Mwaka jana zilikuwa tisini na nne.

"Umefika bomba la ngapi?" anauliza mzee, akiburuta maneno.

"La arobaini na tatu."

"Polepole. Ukimaliza watatutoa."

"Nikichelewa watatutoa vilevile, baba. Fumbua mdomo."

Anameza kijiko. "Niache hapa," anasema. "Wewe nenda kwa mdogo wako."

"Kula."

"Nasema kweli."

"Nimesikia. Kula."

Baadaye, nje, anaeleza jambo ambalo bado hajamweleza mumewe vizuri. Kuna nyumba ya kutunzia wagonjwa mjini, inayoendeshwa na watu wa kujitolea. Wamekubali kumpokea. Gari litakuja Ijumaa. Lakini nyumba hiyo ni ya wagonjwa tu. Wake na waume hawalali huko. Ndugu wanaruhusiwa kuja mara mbili kwa wiki, alasiri, saa moja tu.

Wameoana miaka thelathini na mmoja. Hawakujaliwa mtoto. Hata usiku ule wa kiharusi alilala kwenye sakafu ya wodi, chini ya kitanda chake, wauguzi wakamruka kama mzigo. Ijumaa itakuwa mara ya kwanza kulala mbalimbali.

Anapopewa ujumbe wa mdogo wake, anatikisa kichwa taratibu.

"Nafasi ya mtu mmoja," anarudia. "Basi ndivyo ilivyopangika."

Hasemi kama atakwenda. Anakaa kwenye ngazi ya karavani, anajifuta mikono kwa upindo wa kanga, halafu anaanza kusimulia mpango wake, sauti yake ikiwa chini ili isiingie dirishani.

Ijumaa atapanda gari pamoja na mgonjwa. Atabeba wembe, sabuni na taulo lake. Mumewe hana raha akinyolewa na mtu asiyemzoea, anakaza shingo, anakatwa. Kwa hiyo atamnyoa mwenyewe, mbele ya wahudumu, wamwone. Kisha atamgeuza, maana anajua kumgeuza mtu mzito bila kumuumiza. Wakiona kazi yake ataomba kibarua, cha kufua, cha kufagia, chochote kile, mradi awe ndani ya jengo lile kila siku.

Anajua wataomba barua. Anajua ina mstari gani.

Anaulizwa kama anaamini watamkubali.

"Siamini," anasema. "Lakini siku ya kwanza hawawezi kunifukuza. Siku ya kwanza nitakuwa nimemleta mgonjwa."